Maswali na majibu: kujaza vichupa vidogo vya kupigia mbizi

Tangu vichupa vya hewa vya nusu lita na lita moja vianze kuuzwa mtandaoni na kufika hadi kwenye fuo za ziwa letu, barua ninazopokea kutoka Kisumu, Homa Bay, Siaya na Nakuru zimekuwa na swali moja lenye sura nyingi: kikishaisha nakijaza wapi, na nikijaze hewa ya aina gani? Nitataja shinikizo kwa kipimo cha bari. Bari moja inakaribia shinikizo la hewa kando ya bahari; tairi la gari dogo huwa na bari mbili na ushei, ilhali kichupa kilichojaa huwa na bari 200, ambazo kwenye geji nyingine husomeka kama pauni 2,900 kwa inchi ya mraba.

Mimi hufuga ngege katika vizimba karibu na Mbita, na nimenunua kichupa cha nusu lita ili niwe ninakagua nyavu na kamba za nanga. Je, fundi wa pancha pale stendi anaweza kunijazia kwa kompresa yake?

Hawezi, na ni heri kwamba hawezi. Kompresa ya pancha hufikia bari 8 au 10, kwa hiyo akikujazia kwa bari 8 utapata lita nne za hewa katika kichupa kinachopaswa kubeba lita 100 (nusu lita mara bari 200), yaani pumzi chache tu kabla ya kuanza kuhangaika chini ya maji. Hata hivyo uchache wa hewa si ubaya wake mkubwa. Kompresa ile hulainishwa kwa oili ya kawaida, na sehemu ya oili hiyo hutoka pamoja na hewa ikiwa ukungu usioonekana. Tairi halijali, lakini mapafu hujali sana, kwa kuwa mafuta yakiingia humo huweza kuleta aina ya nimonia isiyosikia dawa za kawaida za nimonia.

Zaidi ya oili kuna moshi. Kompresa nyingi za kando ya barabara huendeshwa kwa injini ya petroli, na bomba la kufyonzea hewa huwa hatua moja tu kutoka kwenye egzosi. Kila mtu wa huku anajua habari za familia iliyolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Gesi inayowaua watu wale, kaboni monoksidi, ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye egzosi, haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Majini hatari yake huongezeka, kwa sababu kiwango ambacho juu ya ardhi kingekuumiza kichwa tu huwa na nguvu maradufu ukiwa kwenye kina cha mita 10. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, kinaruhusu sehemu 5 tu za gesi hiyo katika sehemu milioni moja za hewa, na nusu miligramu ya mafuta katika mita moja ya ujazo.

Unachohitaji ni kompresa iliyotengenezwa kwa hewa ya kupumulia, ambayo hukandamiza hewa kwa hatua tatu au nne, huimwaga maji kati ya hatua hizo, kisha huipitisha kwenye chujio la kukausha na la makaa maalumu. Mashine za namna hiyo ziko kwenye vituo vya kupiga mbizi vya Pwani, kama vile Diani na Watamu. Vikosi vya zimamoto vinavyotumia mitungi ya mgongoni nao hujaziwa kwa mashine za aina hiyo, lakini mitungi yao mingi ni ya bari 300, nami nitalirudia jambo hilo hapa chini.

Kwa kuwa umetaja nyavu, niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Lita 100 kwa mtu anayepumua lita 20 kwa dakika humtosha dakika tatu na nusu hivi kwenye kina cha mita 5, na mtu aliyenaswa na wavu hapumui lita 20, hupumua 40 au zaidi. Usishuke bila kisu mwilini na bila mtu wa pili juu ya maji aliyeshika kamba uliyofungwa. Kama kazi ni ya kila wiki, tafuta mzamiaji mwenye mtungi kamili.

Kichupa changu kilikuja na pampu ya mkono inayofanana na ya baiskeli. Muuzaji anasema ni salama kabisa. Ni kweli? (Msomaji, Milimani, Kisumu)

Ni kweli nusu. Pampu ya mkono yenye hatua tatu inaweza kweli kufikisha bari 200, na haina injini ya kukutilia moshi. Ila muuzaji hakukwambia unyevu wala jasho. Mimi niliwahi kukipampu kichupa cha nusu lita kwenye baraza la nyumba asubuhi moja, nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Nilipofika bari 120 shati lilikuwa limelowa, pampu ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, na nilipoonja hewa ile ilikuwa na ladha ya mpira uliokaa juani. Niliimwaga yote.

Hewa ya kando ya ziwa ina maji mengi. Asubuhi yenye joto na unyevu, lita 100 za hewa hubeba karibu gramu 2 za maji, na unapoikandamiza hewa hiyo hadi bari 200 sehemu kubwa ya maji hayo haina budi kugeuka matone, ama ndani ya pampu ama ndani ya kichupa. Baada ya kujaza mara kadhaa, kichupa cha alumini huanza kuota unga mweupe kwa ndani, nao ni kutu ya alumini. Kwa hiyo pampu isiyo na chujio la kukaushia lenye vidonge vinavyobadilika rangi vikishiba maji usiitumie kabisa. Na iliyo nalo, fungua tundu la kumwagia kila baada ya dakika chache, uiache ipoe kama maelekezo yake yanavyotaka, kisha uendelee. Simama nje penye upepo, mbali na barabara, jiko na jenereta ya jirani.

Pete za mpira za ndani zikikauka, zipake grisi ya silikoni inayokubalika kwa vyombo vya kupumulia. Nimeona watu wakipaka oili ya injini, na mmoja alipaka mafuta ya kujipaka ya mtoto, kwa hoja kwamba kama hayamdhuru mtoto hayatamdhuru yeye. Mtoto hapakwi mafuta mapafuni.

Mafundi wa kuchomelea vyuma karibu na Kibuye wana mitungi ya oksijeni yenye shinikizo kubwa. Si oksijeni ni bora kuliko hewa?

Usithubutu. Oksijeni tupu huwa sumu kwa ubongo ikivutwa chini ya shinikizo: wazamiaji wa baharini huhesabu mita 6 kuwa kikomo chake cha mwisho, na anayekipita anaweza kupatwa na degedege kama la kifafa bila dalili ya kumtahadharisha, akiwa majini. Kabla hata hujafika majini, oksijeni ya bari 150 ikikutana ghafla na chembe ya mafuta ndani ya vali iliyotengenezwa kwa hewa ya kawaida inaweza kuwaka yenyewe. Fundi yule anajua vyema kwa nini haruhusu mtu mwenye mikono ya grisi kugusa regyuleta yake, yaani kifaa cha kupunguzia shinikizo la mtungi; muulize.

Nina rafiki mwenye mtungi mkubwa wa lita 12 uliojazwa vizuri Pwani. Naweza kumimina kutoka kwake hadi kwenye kichupa changu, na nitapata kiasi gani?

Unaweza, na kwa mtu wa upande huu wa nchi naona hiyo ndiyo njia ya busara kuliko zote, kwa sababu hewa imekwisha kuchujwa na mtu mwenye mashine. Hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawa tu. Mtungi wa lita 12 wenye bari 200 ukiunganishwa na kichupa kitupu cha nusu lita, hewa yote hugawana lita 12 na nusu, kwa hiyo vyote viwili hutulia kwenye bari 192. Ukijaza cha pili utapata 184, na cha tatu 177. Kila mara unapoteza sehemu 4 katika 100, hivyo mtungi mmoja utakujazia vichupa kadhaa vizuri kabla ya kuhitaji kurudishwa Pwani.

Ubaya umo katika haraka. Ukifungua vali ya mtungi mkubwa yote kwa mara moja, kichupa kitajaa kwa sekunde chache na kupata joto kali, geji itakuonyesha namba nzuri, kisha kikipoa namba itashuka: kichupa kilichofika bari 200 hewa yake ikiwa na nyuzi 60 huonyesha bari 180 tu kikirudi nyuzi 27. Fungua vali kwa kuibetua kidogo sana, usikilize hewa ikipita kwa sauti ndogo, na uache shinikizo lipande kwa bari 20 hadi 30 kila dakika; yaani kichupa kimoja kichukue dakika saba au nane. Usikae mbele ya vali, wala usishike kichupa mkononi wakati kinajaa. Mwishoni funga vali zote mbili, toa hewa iliyobaki kwenye mpira wa kuunganishia kwa tundu lake, kisha ndipo ulegeze kiunganishi. Ukikilegeza kabla ya kutoa hewa hiyo, mpira unaweza kukuchapa kama nyoka.

Jambo la bari 300 nililoahidi ndilo hili. Mtungi wa zimamoto wenye bari 300 ukiunganishwa na kichupa cha 200 hautajua pa kusimama. Utaendelea kusukuma hadi kisahani cha usalama kipasuke, kama kipo. Kisahani hicho kimewekwa ili kipasuke chenyewe badala ya kichupa, kwa hiyo fundi akikuambia atakibadilisha kwa bolti ili kisikusumbue tena, chukua kichupa chako uende.

Nilinunua kichupa cha mtumba hapa Nakuru. Kimepakwa rangi upya na sioni maandishi yoyote yaliyogongwa. Nifanye nini?

Usikijaze. Mtungi halali huwa umegongwa begani shinikizo la kazi, shinikizo la majaribio, ujazo, namba yake, kiwango ulichotengenezewa na tarehe ya kupimwa. Kwa kichupa cha bari 200 shinikizo la majaribio huwa kwa kawaida bari 300. Desturi ya nchi nyingi ni kukagua ndani kila mwaka na kupima kwa maji kila miaka mitano, na kituo makini kitakataa mtungi usio na tarehe. Rangi mpya nayo hunitia shaka, kwani ikiwa ilikaushwa kwenye tanuri, joto hilo linaweza kuwa limeidhoofisha alumini kabisa bila alama ya kuonekana kwa macho. Mwambie aliyekuuzia akurudishie pesa. Akikataa, toboa kichupa kikiwa kitupu na vali yake imeondolewa, ili kisiuzwe tena.

Kwa kuwa kichupa ni kidogo na sishuki zaidi ya mita 5 au 6, si kweli kwamba siwezi kudhurika mapafu wakati wa kupanda?

Si kweli. Mapafu hayajui ukubwa wa chupa. Ukivuta pumzi kamili kutoka kwenye kichupa ukiwa chini, kisha ukaizuia ukipanda, hewa hiyo hupanuka na kupasua vijifuko vya mapafu, na mita moja na kitu hutosha kuleta dhara hilo. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko Pwani, kwa sababu Ziwa Victoria liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari na hewa ya juu yake ina shinikizo la bari 0.88 hivi: hewa inayopandishwa kutoka mita 10 baharini hupanuka mara mbili, na hapa Kisumu hupanuka mara mbili na zaidi kidogo. Panda polepole, ukitoa pumzi muda wote. Majedwali ya mbizi, yale yanayoonyesha mtu akae kina gani kwa muda gani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari nayo hurekebishwa kwa maziwa yaliyo juu ya mita 300, na hilo huhitaji mwalimu.

Naweza kukisafirisha kikiwa kimejaa?

Ndani ya gari lako, kifunge kisibingirike, kifunike, na usikiache kwenye dashibodi mchana wa jua kali. Kama umekimaliza, acha bari chache ndani ili maji na vumbi visiingie. Ukisafiri kwa ndege ni kinyume: kiwe kitupu, vali ikiwa imefunguliwa au kuondolewa ili mkaguzi aone mwenyewe, na uliongee jambo hilo na shirika la ndege kabla ya siku ya safari.