Vumbi au masizi ya supanova?

Swali: Ninatafsiri makala kuhusu masalia ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, yaliyochunguzwa kwa miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho. Nimeandika "vumbi", lakini mhariri anataka "masizi", kwa hoja kwamba vumbi hutimka ardhini, na huko hakuna ardhi. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu msomaji, hoja ya mhariri wako ina uzito. Mswahili akisikia vumbi huona barabara ya udongo wakati wa kiangazi, yaani kitu kigumu kilichosagika, ilhali chembe za supanova huzaliwa kinyume chake, gesi inapopoa hadi ikaganda, kama masizi yanavyojijenga ndani ya chemni ya taa ambayo utambi wake umepandishwa mno. Hata hivyo masizi ni kaboni, na katika masalia hayo mna silikati pia, ambazo ni jamaa ya mchanga, kwa hiyo neno hilo litaacha nje sehemu kubwa ya habari. Baki na "vumbi", tena kwa umoja, kwa kuwa "mavumbi" humpeleka msomaji makaburini.

Ninachokusihi ukichunge zaidi ni kitenzi. Chukua SN 1987A, nyota iliyoonekana ikilipuka Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo jirani na yetu. Vumbi la kwenye pete inayoizunguka lilikuwapo kabla ya mlipuko, na baadaye wimbi la mlipuko likalipasha joto. La katikati ni jingine kabisa. Darubini ya Herschel, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2009, ilinasa miale yake ya infraredi, na wanaastronomia wakakadiria kwamba vumbi hilo ni takriban nusu ya tungamo (kiasi cha maada) la Jua; baadaye darubini za ALMA, nchini Chile, zikaonyesha kwamba limo ndani, katika gesi iliyotupwa na nyota yenyewe. Hilo "limeganda" au "limefanyika" humo. Ukiandika "limekusanyika", msomaji ataelewa kwamba lilizolewa kutoka nje, na kitenzi kimoja kitakuwa kimeufuta ugunduzi wenyewe.

Vilevile usiandike "joto la kelvini 20" kwa kitu kilicho karibu nyuzi 250 za Selsiasi chini ya sifuri. Andika "halijoto ya kelvini 20". Wala vumbi baridi namna hiyo "haling'ai", kwa maana kung'aa ni kwa jicho: linatoa miale.