Simu ilikatika, sauti ikabaki

SWALI: Salaam aleikum, Bi Daktari. Mimi hupokea simu za dharura hapa Lamu, zamu ya usiku, mwaka wa nne sasa. Wiki tatu zilizopita mama mmoja alipiga kutoka upande wa kisiwa cha Pate: mwanawe ametolewa majini, hapumui. Nilimwelekeza ampulizie pumzi na kumkandamiza kifua huku nikimtafuta nahodha. Maji yalikuwa yamekupwa, boti haikuweza kupita mlango wa bahari wa Mkanda, ikabidi izungukie nje. Kisha simu ikakatika. Mpaka leo sijui mtoto alipona au la. Sasa hata simu yangu mwenyewe ikilia mikono hunitetemeka, na sauti ya yule mama huisikia nikiosha vyombo. Walioona ni wenzangu wa boti, mimi nilikuwa nimekaa kitini. Je, nina haki ya kuumia hivi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na hilo la kiti, maana naona ndilo linalokutafuna. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipotoa toleo la 5 la mwongozo wao wa maradhi, waliandika wazi kwamba kiwewe humpata pia mtu ambaye kazi yake humkutanisha tena na tena na undani wa mikasa ya watu, hata kama hakuwepo pale. Kwa hiyo kiti hakikukingi.

Tena wewe una mzigo ambao nahodha hana. Yeye alifika, akaona, akambeba mtoto au akakuta amechelewa. Kisa chake kina mwisho. Chako kimekatika katikati, na akili haipendi pengo: hujichorea picha yenyewe, na aghalabu huchora iliyo mbaya zaidi. Halafu mwili. Ulipousikia ule ukelele, moyo ulikwenda mbio na damu ikajaa adrenalini kana kwamba unataka kukimbia, lakini ulikaa na kusema kwa sauti ya upole, "Mama, hesabu pamoja nami." Mbio zile hazikupata pa kutokea.

Kutetemeka, kusikia sauti, kukwepa simu: kwa wiki tatu haya ni ya kawaida, na kwa wengi hupungua yenyewe. Msongo wa baada ya kiwewe hautajwi kuwa maradhi mpaka dalili zipite mwezi mmoja. Lakini usikae tu ukihesabu siku.

La kwanza, utafute mwisho wa kisa. Mwombe msimamizi wako awaulize watu wa boti, na awe na desturi ya kukurudishia habari kila zamu. Hata ikiwa habari ni mbaya, naona ni heri. Kwa miaka niliyokaa na watu wa kazi kama yako, waliojua walilia, wakalala. Wasiojua ndio walionijia na macho mekundu. Ila usimpigie yule mama mwenyewe. Siri ya simu ni yake, na Lamu ni ndogo, kesho mtakutana sokoni.

La pili, chukua karatasi uikate kwa mstari. Upande mmoja andika yaliyokuwa mkononi mwako: nilipokea, niliuliza mahali, nilielekeza pumzi na kifua, nilimwamsha nahodha. Upande wa pili andika ya bahari: maji kupwa, Mkanda, mtandao. Sasa tazama lile unalojilaumia limeangukia wapi. Ukiona kosa la kweli upande wako, lipeleke kazini kama jambo la kazi, lifanyiwe mazoezi. Maji kupwa hayafanyiwi mazoezi.

Kuhusu simu yako: ibadilishe mlio leo hii, usifanane hata kidogo na wa kazini. Kisha umwombe dadako akupigie makusudi mkiwa mmeketi pamoja, mara tano, mara kumi, mpaka mkono uchoke kutetemeka. Na kati ya simu na simu kazini, vua visikilizi, simama, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakotuliza moyo. Zamu ikiisha, usiingie nyumbani moja kwa moja. Tembea kidogo ukingoni mwa bahari, mbio zile zitoke miguuni.

Mawili ya kukataa. Wakubwa wakikusanya watu asubuhi na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichosikia, una ruhusa ya kunyamaza. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo. Msimulie unayemtaka, siku unayotaka. Na vidonge vya usingizi vya jamii ya valiamu, ambavyo jirani mwema hakosi kukuletea: shirika hilo hilo halivipendekezi kwa mwezi wa kwanza baada ya mkasa. (Miraa ya kukesha nayo, sisemi zaidi.)

Mwezi ukipita na bado huwezi kulala wala kushika simu, nenda hospitali ya King Fahd ueleze kama ulivyoniandikia. Iko tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe. Likikujia wazo la kutotaka kuishi, usingoje mwezi: nenda siku hiyo hiyo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Ukishapata habari ya mtoto, iwayo yote, niandikie tena.