Tanuri la Asia litatupunguzia kuni?

SWALI: Bwana mhariri, huku Annexe, Lubumbashi, tunachoma matofali 10,000 kwa rundo moja, udongo wa kichuguu. Kila kiangazi kuni zinatoka mbali zaidi na bei inapanda. Nimeona video ya matanuri ya India na Nepal yenye moshi kidogo. Tunaweza kujenga kama hayo?
Mchoma matofali

JIBU: Ndugu yetu, kuna aina mbili. Lile ambalo moto huzunguka kwa zigizaga liache. Linataka makumi ya maelfu ya matofali kwa siku na moto usiozimwa msimu mzima. Lingine ni tanuri la wima, lililozaliwa China na kufika India mwaka 1996. Mabichi huingia juu, moto hubaki katikati, yaliyoiva hushushwa chini kila saa 2 au 3. Hewa inayopanda hupata joto kwa yaliyoiva, kisha moshi hukausha mabichi. Kwa hiyo kilo 1 ya tofali hutumia megajuli (kipimo cha nishati) 1 hivi. Rundo lako hula 2 hadi 3, yaani tani 4 hadi 6 za kuni kavu.

Tatizo ni chakula chake. Wenzetu wa Asia hutandaza makaa ya mawe yaliyopondwa kati ya tabaka. Kuni hazipangiki humo. Ukinunua makala (mkaa wa kuni) badala yake, umejidanganya: kilo 100 za kuni kwenye tanuri la udongo hutoa makala kilo 10 hadi 20 tu. Msitu utaliwa vilevile, ila hutauona.

Chukua basi ujanja wao mwingine, kuficha moto ndani ya tofali. Kusanya mavumbi yanayobaki kwenye depo za makala, chekecha yapite tundu la milimita 2, changanya na udongo kabla ya maji: gramu 50 kwa tofali la kilo 3. Rundo zima ni kilo 500, badala ya kuni kilo 800 hivi. Chembe kubwa huacha matundu. Ukizidisha, tofali huyeyuka katikati na kushikana na jirani yake. Jaribu 200 kwanza.

Na ukaushe! Unyevu wa asilimia 10 ni tani 3 za maji, na kuni zaidi ya nusu tani zitaishia kuyachemsha. Vunja tofali moja bichi: ukiona doa jeusi la unyevu katikati, usiwashe.