Kabla hamjanunua boti, nisikizeni habari ya Isla Isabel

Juzi kaniandikia dada mmoja, Mkenya mwenzangu aishiye Minnesota. Yeye na mumewe wamechoshwa na theluji, watoto wamemaliza chuo, sasa wanataka kuuza nyumba wanunue boti ya matanga washuke nayo Meksiko. Mwisho wa ujumbe akauliza: "Dada, mnawezaje kukaa wawili tu kwenye chombo kidogo hivyo bila kuuana?" Akatia na vikatuni vya kucheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeketi tezini, huku nyuma ya chombo, naitazama nanga yetu ya zamani iliyopinda shina, ule mti wake wa katikati, ambayo Baba Watoto hataki itupwe. Anasema itafaa siku moja. Haitafaa. Lakini swali la huyu dada jibu lake limo kwenye ile nanga, kwa hiyo acha nisimulie.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mzaliwa wa Lamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, akibeba boriti za mikoko kupeleka Mombasa na, enzi za ujana wake, mpaka Uarabuni. Mimi nimeuguza wagonjwa San Diego miaka 22. Mume wangu ni mtu wa Kitale. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza ana miaka 19, akaingia kozi ya matanga ana miaka 50, akatoka na vyeti vitatu. Vyeti hivyo vimepigwa plastiki, vimebandikwa juu ya meza ya ramani. Mimi cheti sina. Nina babu.

Chombo chetu ni cha futi 36, kiliundwa 1979, tulikinunua kwa pesa ambayo jamaa zetu walidhani tumepatwa na wazimu. Shemeji mmoja alipiga simu kutoka Eldoret kuuliza kama tuna madeni tunayoyakimbia. Kwenye harusi ya mpwa wangu nilisikia kwa masikio yangu, "Hao ndio wale wanaokaa kwenye mtumbwi." Sawa. Mtumbwi huo una friji.

Ya kutoka San Diego hadi Mazatlán, mji wa bandari wa Meksiko, sitayasimulia. Ni wiki nyingi za kusubiri upepo, kubadilisha pampu na kula maharagwe. Jueni tu kwamba kuingia Meksiko na chombo si kazi kubwa kama mnavyotishwa. Sisi tuna ukaazi wa kudumu wa Marekani, kwa hiyo viza haikuhitajika, na kibali cha kuingiza boti kwa muda hudumu miaka 10. Makaratasi tulimaliza Ensenada, bandari ya Meksiko karibu na mpaka.

Ila Isla Isabel nitaisimulia.

Ni kisiwa kidogo cha volkano katika jimbo la Nayarit, kama kilomita 30 kutoka pwani. Mkitoka Mazatlán ni safari ya usiku mmoja, karibu maili 90 za baharini, na hupigiwa hesabu ili mfike jua liko juu. Hakuna hoteli, hakuna duka, hakuna gati. Kuna kambi ya wavuvi upande wa kusini, kuna watafiti, na kuna ndege, ndege, ndege. Serikali ilikifanya hifadhi ya taifa mwaka 1980, na mwaka 2005 kikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na visiwa vingine vya Ghuba ya California. Mabaharia wa boti hizi zetu hukitaja kwa macho ya kulegea, halafu wakishamaliza kusifu hutikisa kichwa na kusema: lakini chunga nanga.

Maana chini pale kuna mchanga kidogo huku na kule, kwingine kote ni mawe ya volkano yenye nyufa. Nanga ikitumbukia kwenye ufa, imetumbukia.

Tulifika Januari, saa tano asubuhi, tukaenda upande wa mashariki karibu na Las Monas, majabali mawili marefu yaliyosimama majini kama walinzi wa lango. Kina mita nane. Mimi niko omoni, mbele ya chombo, mkono kwenye mnyororo. Nikamwambia Baba Watoto: ngoja kwanza nifunge chelezo.

Chelezo, kwa wasiojua, ni kitu chepesi cha kuelea. Unafunga kamba kwenye kichwa cha nanga, pale makucha yanapokutana, na mwisho wa pili wa kamba unafunga chelezo. Nanga ikinasa mwambani, huivuti kwa mnyororo. Unakwenda kwenye chelezo, unaivuta kinyumenyume, inatoka jinsi ilivyoingia. Babu yangu hakutia nanga penye miamba bila chelezo hata siku moja. Kifaa chenyewe ni dumu tupu la mafuta ya kupikia na kamba ya mita kumi. Dumu ninalo. Kamba ninayo.

Akasema haina haja. Karibu yetu palikuwa na boti nyingine mbili kubwa, nyeupe, za kupendeza, na hakuna iliyokuwa na dumu la mafuta ya kupikia likielea mbele yake. Sijasema ndiyo sababu. Nasema tu kwamba aliziangalia kabla ya kujibu. Nikarudia. Ndipo akanitupia methali ya kwetu, yeye mtu wa Kitale: "Mama, manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama."

Nikaachia mnyororo. Nanga ya kilo 16 ikazama bila chelezo, ikashika mara moja. Ikashika vizuri mno.

Siku mbili zilizofuata, jamani, sijaona mfano wake. Kuna ndege mweusi Wameksiko wanamwita fragata, mabawa marefu kuliko kimo changu. Dume hujaza hewa kifuko chekundu shingoni mpaka kinakuwa kama puto la sherehe, kisha hukaa mtini akilitikisa, akisubiri jike apite juu. Miti yenyewe ni mifupi, kwa hiyo unapita chini yao wamekaa usawa wa kichwa chako wala hawajali. Ni ndege wa baharini asiyeweza kutua majini, manyoya yake hulowa, kwa hiyo sehemu ya riziki yake ni kunyang'anya wenziwe hukohuko angani. Namjua mtu wa aina hiyo.

Halafu wale wenye miguu ya buluu. Kwa Kihispania huitwa bobo, yaani mjinga, kwa sababu wanataga chini, njiani kabisa, na ukija hawakimbii. Zamani watu walileta paka na panya wakafuatana na vyombo, ndege wakaliwa wao na mayai yao. Paka waliondolewa miaka ya 1990, panya 2009. Watafiti wa UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Meksiko, wamewafuatilia bobo hawa kwa miongo kadhaa, na kitu kimoja walichothibitisha nilimsomea Baba Watoto kwa sauti wakati wa chakula cha jioni. Dume asipokula vizuri kwa siku mbili, buluu ya miguu yake hufifia, na jike huona, na mahaba hupungua. Akaitazama miguu yake. Tulicheka. Siku hizo bado tulikuwa tunacheka.

Nilipika mahamri pia. Jiko letu linaning'inia ili sufuria isimwagike mawimbi yakija, lakini mafuta ya moto chomboni si mchezo, kwa hiyo nilichoma machache machache. Nikawapelekea wavuvi wa kambini dazeni mbili. Walidhani ni mkate wao mtamu fulani, wakagundua iliki, wakaitana. Mzee mmoja akatupa samaki mwekundu, huachinango, akapasuliwa mgongoni, akapakwa pilipili, akabanikwa juu ya kuni. Wanamwita zarandeado. Toa ndimu yao, weka tui, ni samaki wetu wa kupaka, sioni tofauti ya kugombea.

Usiku wa pili, saa nane, niliamka kabla ya kelele. Mtu aliyelelewa karibu na maji huamka hivyo. Chombo kilikuwa kinacheza vingine. Upepo umegeuka, ule wanaouita norte, unaoshuka na Ghuba siku za baridi. Jina lake ni kaskazi, ila si kaskazi yetu ya adabu. Mawimbi yalikuwa yanaingia moja kwa moja na majabali yako nyuma yetu, karibu kuliko nilivyopenda.

Tukawasha injini tung'oe nanga. Mnyororo ukaja, ukaja, ukasimama wima, ukakaza. Kila wimbi omo ikazama, ikavutwa chini kama ng'ombe aliyeshikwa pua. Winchi, mashine ya kuvutia mnyororo, ikalia, ikanyamaza. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Nanga haitaki. Boti moja nyeupe ilikuwa imeshaondoka, ya pili taa zake zinahangaika kama zetu.

Baba Watoto akaniangalia. Hakusema kitu. Sikusema kitu. (Nilitaka kusema. Mungu anajua nilivyotaka.) Nikashuka jikoni, nikachukua dumu, nikalifunga mwisho wa mnyororo kwa fundo la babu, na wote, mita 60, ukatoka mbiombio ukaanguka majini. Dumu likaelea gizani, jeupe. Tukatoka kwenda bahari kuu, tukazunguka huko mpaka alfajiri, bila maneno, kila mtu na kikombe chake. Mimi nilitapika mara mbili, na sikuwa nimetapika tangu San Diego.

Asubuhi upepo ulipotulia tulihamia upande wa kusini, tukatia nanga ya akiba, safari hii na chelezo. Nikaenda kambini na Kihispania changu cha wodini. Kijana mmoja akaja na boti yao ya faiba, panga kama wanavyoiita, yenye kompresa na mpira mrefu wa kupumulia, akazama penye dumu letu. Alikaa chini muda wa kuchemsha chai. Mnyororo wote ukapatikana. Nanga nayo ikatoka, shina limepinda kama ndoana, lilikuwa limeingia chini ya mwamba mkubwa kuliko gari. Pesa alichukua kidogo, akachukua petroli lita 20, akauliza kama mahamri yamebaki.

Hapo ningeweza kusamehe na kusahau. Kilichoniuma kilikuja San Blas, kama maili 40 kusini-mashariki, mji wenye usubi wa kukutoa ngozi jua likizama. Tulialikwa chakula na mabaharia wengine, Wakanada na Wamarekani, na Baba Watoto akasimulia. Alisimulia vizuri, ana kipaji. Upepo, majabali, winchi. Akafika kwenye dumu, akasema: "Basi nikafunga chelezo mwisho wa mnyororo, nikauachia." Nikafunga. Nikauachia. Wakampigia makofi. Mwanamke mmoja akanigeukia akasema nina bahati kuwa na mume mtulivu namna hiyo.

Nilikula pweza wangu nikamaliza.

Kwa hiyo, dada wa Minnesota, ushauri wangu ni huu. Kwenye chombo, mwenye kujua asikizwe. Siyo mwenye sauti, siyo mwenye cheti, siyo mwenye suruali. Mkikubaliana hilo kabla ya kununua boti, nunueni. Msipokubaliana, nunueni nyumba Florida. Na usiseme jambo mara mbili kisha ukaacha, kama nilivyofanya mimi. Mimi nilinyamaza nikaachia mnyororo, kwa hiyo sehemu ya lile shina lililopinda ni yangu. Wanawake tumezoea kunyamaza kwa heshima, halafu tunakaa na uchungu miezi mitano tukiuita subira. Mwamba hautambui heshima. Mawimbi hayajui nani ni baba wa nyumba. Sema mara ya tatu. Kaa juu ya mnyororo ikibidi!

Na nyinyi akina baba mnaosoma hapa kwa kuibia, najua mpo: mkeo akikutajia babu yake, usimjibu kwa methali. Hasa methali ya babu yake.

La pili nililotaka kushauri, nikilitazama, ni lilelile la kwanza. La tatu pia. Mengine ya vifaa mtayapata kokote: kina, urefu wa mnyororo, msimu. Shukeni baada ya Novemba kuingia, vimbunga vikishapungua. Isla Isabel nendeni Januari kwa ajili ya ndege, na nyangumi mtawaona njiani. Chukueni dumu.

Wiki mbili zilizopita tulitia nanga mahali pengine penye mawe. Nikiwa bado natafuta viatu, nilimsikia Baba Watoto yuko omoni, anafunga kitu. Fundo lilikuwa baya. Nikamwacha amalize, kisha nikalifungua, nikalifunga tena mbele yake polepole, na yeye akatazama.

Amesoma makala hii kabla sijaiweka. Amesoma yote, mpaka San Blas, akarudi akaisoma San Blas mara ya pili. Kisha akasema kuna kosa moja: nanga ilikuwa ya kilo 20, si 16.

Sawa. Ilikuwa ya kilo 20.