Batmobile ya makumbusho: halisi au nakala?

Umeuliza kama Batmobile, lile gari la Batman, uliyopiga nayo picha makumbusho ni ile halisi. Hapana kaka, hiyo karibu hakika ni nakala. Batmobile halisi ya ule mfululizo wa televisheni wa Batman wa 1966 ni moja tu, na George Barris, aliyeitengeneza, alikaa nayo mwenyewe miaka mingi mpaka ikapigwa mnada Scottsdale, Arizona, Januari 2013. Nyundo ya mnada iligonga kwenye dola milioni 4.2, ukijumlisha ada ya mnada inafika milioni 4.62, na aliyeinunua ni mtu binafsi.

Ile ya kwanza haikuanza kama Batmobile. Ilikuwa Lincoln Futura, gari la maonyesho la 1955 ambalo bodi yake ya chuma iliundwa kwa mkono na Ghia, kampuni ya kuunda bodi za magari huko Turin, Italia. Barris alilipata kwa dola moja, akalichonga upya. Nakala za kuzungusha kwenye maonyesho alizitoa baadaye: bodi za fibaglasi juu ya chesisi za Ford Galaxie zilizorefushwa. Sumaku hunata kwenye chuma, si kwenye fibaglasi, ndiyo maana ingekupa jibu mara moja, ila usijaribu, mlinzi atakutoa nje!

Soma kile kibao kilicho mbele ya gari, makumbusho makini huandika kama ni nakala na nani kaitengeneza. Ikiwa imetoka karakana ya Barris mwenyewe, hiyo si ya kudharau hata kidogo, maana nayo ina historia yake. Kuna nyingine nyingi zimeundwa na mashabiki tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha kirahisi.