Fundi Anajibu: ESC ipi nifunge kwenye gari la rimoti?

Shikamoo fundi. Nimepata gari la kuunga mwenyewe, saizi 1/10, mota ya 540 ya brashi imo ndani ya boksi ila ESC (kile kidude kinachoongoza spidi ya mota) hamna, inabidi nitafute mwenyewe. Sasa nikiangalia naona zingine zimeandikwa 60A, zingine 120A, kuna nyingine hadi 320A, alafu kuna za brashi na za brashilesi (zisizo na brashi), nimechanganyikiwa kabisa. Si nichukue tu yenye namba kubwa? Baadaye nataka niweke betri ya lipo (ya lithiamu) na mota kali kidogo.
– Mwanagenzi

Marahaba Mwanagenzi. Hiyo namba kubwa ya ampea (A) iache kwanza, maana ndo namba ya kuuzia. Hizo za brashi zilizoandikwa 320A we angalia tu unene wa nyaya zake, umeme kiasi hicho ukipita hapo mfululizo nyaya zitaanza kuyeyuka kabla hata ESC yenyewe haijafa. Wanachoandika pale ni kilele cha kufumba na kufumbua, sio kile inachobeba muda wote gari likiwa linatembea. Kwa hiyo ukiona ampea mbili kwenye maelezo, ya mfululizo na ya kilele, soma ya mfululizo, na kama wameandika ya kilele peke yake basi ujue kuna kitu wanakificha.

Anza na mota. Ikiwa na nyaya mbili ni ya brashi, ikiwa na tatu nene ni brashilesi, na ESC lazima ilingane nayo. Zipo chache zinazoendesha zote mbili ila nyingi ni za upande mmoja tu.

Alafu tafuta kikomo cha mota, na hiki ndo kitu watu wengi wanaruka. Mota za brashi zinapimwa kwa idadi ya mizunguko ya waya uliosokotwa ndani, inaandikwa T. Ya kawaida inayokuja kwenye boksi huwa kama 27T. Namba ikishuka, mfano 15T, waya ni mfupi na mnene, ukinzani unapungua, mota inakimbia zaidi na inakula umeme zaidi. Kwa hiyo ESC ikiandikwa kikomo 12T maana yake usishuke chini ya 12, na ukiifunga 27T iko raha mustarehe. Ila kikomo chenyewe kinabadilika na betri! Chukua QuicRun 1060 ya Hobbywing, ESC ya brashi ambayo watu wengi wanaanzia nayo, kwa lipo ya 2S (seli mbili) kikomo ni 12T lakini ukiweka 3S (seli tatu) kinapanda mpaka 18T. Kwanini? Kwa sababu gari likiwa limesimama mota haijaanza kuzunguka, haina kitu cha kuuzuia umeme zaidi ya ukinzani wa waya wenyewe, na volti zikiongezeka umeme wa ile sekunde ya kuondoka unaongezeka vilevile. Ndo maana ESC nyingi zinaungua gari likiwa limekwama kwenye majani huku mtu kang'ang'ania triga, hazifi likiwa linakimbia barabara nyeupe.

Kuhusu lipo. Seli moja ni volti 3.7 za jina, ikijaa chaji inafika 4.2, kwa hiyo 2S ni 7.4 na ikijaa ni 8.4, na 3S ni 11.1 ikijaa 12.6. Lipo haitaki ikaushwe, ukiishusha chini ya volti 3 kwa seli unaiharibu, inavimba, na lipo iliyovimba sio kitu cha kukaa nacho ndani. Ndo maana unataka ESC yenye kikomo cha kukata umeme, nyingi zinakata kwenye 3.2 hivi kwa seli. ESC nyingi za zamani hazina hicho kitu kabisa zilitengenezwa enzi za betri za nikeli, kwa hiyo ukipewa ya bure na rafiki uliza kwanza. Na hata zenye nacho huwa kuna jampa ndogo au seti ya kuchagua aina ya betri. Ukiweka lipo huku jampa iko kwenye NiMH (betri ya nikeli) utaikausha betri bila kujua, ukifanya kinyume chake hautaharibu kitu ila gari litakuwa linakata mapema kila ukivuta triga kwa nguvu.

Kwa mota uliyonayo mi nakwambia chukua ya brashi ya 60A ya mfululizo, yenye kukata lipo, isiyoogopa maji, basi. Usinunue kubwa eti kwa ajili ya mota ya kesho. Ukifika huko kwenye brashilesi nunua mota na ESC yake kwa pamoja, kombo, inakuwa rahisi kuliko kulinganisha vipande vya watu wawili tofauti.

Na kitu kimoja bado, plagi. Ile nyeupe ya Tamiya inapata moto na mota kali, badilisha XT60 au Deans, ila ukiwa unalehemu hakikisha nyekundu kwa nyekundu. ESC nyingi za magari hazina kinga yoyote ya kugeuza nyaya za betri, ukigeuza mara moja tu zinatoa moshi na hapo hakuna fundi wa kukusaidia, hata mimi.

*

Fundi habari za kazi. Nimewafungia wanangu brashilesi kwenye buggy yao, ikiwa inaondoka inatikisika tikisika kama inakwama alafu ndo inafyatuka. Jamaa mmoja kasema ni ESC mbovu nibadilishe. Kweli?
– Baba wa Wawili

Nzuri kaka, mbovu hapana, labda. ESC ya brashilesi lazima ijue rota (sehemu ya mota inayozunguka) imekaa wapi ili ipeleke umeme kwenye koili sahihi. Ile isiyo na sensa inakisia kwa kusoma umeme unaozalishwa na mota yenyewe ikizunguka, sasa ikiwa imesimama hakuna cha kusoma, inabahatisha, ndo huko kutikisika. Yenye sensa ina kawaya kembamba ka ziada kutoka kwenye mota, inajua rota ilipo hata ikiwa imesimama kabisa, inaondoka laini.

Kwa hiyo angalia kwanza kama mota yako ina tundu la sensa na kama hako kawaya kamechomekwa, mara nyingi kanalegea. Kama hamna sensa kabisa, kutikisika kidogo ni kawaida yake, ila kukizidi angalia betri (betri dhaifu inaongeza tatizo sana) na pinioni (ile gia ndogo kwenye mota), ikiwa na meno mengi mno mota inabeba mzigo mkubwa kuondoka, inachemka, ESC nayo inachemka. Ukimaliza mzunguko gusa mota, ukishindwa kuweka kidole sekunde chache punguza meno ya pinioni kabla hujafikiria kununua chochote.

Watoto wa kurusha rusha vumbi hawahitaji sensa kwa kweli, hela hiyo nunua matairi. Sensa ni ya mbio na ya kupanda mawe. Na ukija kuiweka kumbuka hili: mota isiyo na sensa ikizunguka kinyume unabadilishana waya wowote wawili kati ya vile vitatu inageuka, lakini yenye sensa USIFANYE HIVO, A iende A, B iende B, C iende C, vinginevyo unaweza kuua kitu. Mwelekeo unageuza kwenye seti za ESC, kama inaruhusu.

*

Fundi mambo. Gari langu ni la kupanda mawe, nikiachia triga kwenye mteremko linashuka lenyewe. Na nikikata kona huku tairi limebanwa na jiwe rimoti inapoteza gari sekunde moja hivi. Hii ESC nitupe?
– Mpanda Mawe

Poa mdogo wangu, usitupe, matatizo ni mawili tofauti. La kwanza ni breki ya kujishika, yaani ESC inaifunga mota ukiachia triga. ESC za kukimbia zinakuja ikiwa imezimwa au iko kidogo, na zingine zina jampa ya kuchagua mbele-breki-nyuma au mbele-nyuma moja kwa moja, weka hiyo ya pili, hutaki kubonyeza mara mbili ndo urudi nyuma ukiwa unaning'inia kwenye jiwe. Kama yako haina kabisa basi tafuta ya kupandia, mfano QuicRun 1080, breki yake unaipanga unavyotaka. Mota 35T mpaka 55T, huko spidi haina kazi.

La pili ni BEC, ile sehemu ndani ya ESC inayolisha risiva (kipokezi cha rimoti) na sevo (mota ya usukani). Ikiwa ni ya ampea 2 au 3 na wewe umeweka sevo ya nguvu, sevo ikibanwa inavuta zaidi ya hapo, volti zinaanguka, risiva inazima na kuwaka. Weka BEC ya nje, na ukiweka chomoa waya mwekundu kwenye plagi ya ESC inayoingia risiva. BEC mbili zisilishe sehemu moja.

*

ESC mpya, nikivuta triga gari linarudi nyuma, na saa zingine taa inawaka tu haliendi!
– Haraka Haraka

ESC hujaipima na rimoti yako, yaani haijajua triga inaanzia na kuishia wapi. Trimu (marekebisho madogo kwenye rimoti) iwe sifuri, washa rimoti kwanza ndo ESC, fuata karatasi yake: katikati, mbele mpaka mwisho, breki mpaka mwisho. Rimoti za Futaba kawaida unageuza upande wa triga kwenye rimoti kwanza. Karatasi umeitupa? Haya.

*

Fundi, kwenye mfuko wa mota ya brashi kuna kapasita tatu na kidiodi cha Schottky, vyote niweke?
– Mlehemu

Kapasita weka, zinapunguza kelele za umeme zinazosumbua risiva. Diodi usiweke kama ESC yako inarudi nyuma, maana umeme ukigeuka diodi inakuwa njia ya mkato na itaiunguza ESC. Ilikuwa ya zile ESC za zamani za mbio zinazokwenda mbele tu.