Maswali ya Wasomaji: Kichwa cha Binti Yangu Kinanuka Ingawa Ninamwosha

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Kirumba jijini Mwanza, na riziki yangu ni kuuza dagaa pale Mwaloni. Binti yangu ana miaka mitano na amejaaliwa nywele nyingi, ambazo humsuka mabutu na kuyafumua kila baada ya wiki tatu. Tangu mvua za masika zilipoanza, kichwa chake kimekuwa kikitoa harufu mbaya, hata siku mbili tu baada ya kuoshwa. Nimebadilisha sabuni, nimempaka mafuta ya nazi, kisha mafuta yenye marashi, lakini harufu hurudi. Huzidi upande wa kushoto, ambao ndio anaoulalia, na asubuhi foronya yake huwa na doa upande huo. Wenzake wa chekechea hawataki kukaa naye, na jirani mmoja amenisema mbele ya watu kwamba ninamletea mtoto shombo ya sokoni. Nifanye nini?

Mama wa Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Maneno ya jirani yako yamekuumiza bila sababu, kwa maana barua yako yenyewe inaonyesha kuwa hukuacha kumhudumia mtoto. Tena umeandika jambo moja ambalo huenda wewe mwenyewe hukulitilia maanani, nami nitalirudia hivi punde, kwa kuwa ndilo lililonifanya niijibu barua hii kabla ya nyingine.

Unywele uliokwisha kuota hauna uhai, hautoi jasho, na kwa hiyo harufu yake hutoka mahali pengine: kwenye ngozi ya kichwa, kwenye vitu vilivyonasa katika nywele, au kwenye kiungo kilicho jirani nazo. Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kununua sabuni nyingine, ufumue mabutu yote na unuse kwa makini, sehemu moja baada ya nyingine, kisha uipe harufu hiyo jina lake. Lugha yetu haikutunyima maneno ya kutusaidia hapa. Shombo ya samaki si sawa na uvundo wa nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Uvundo nao si sawa na kikwapa, wala na harufu ya kidonda chenye usaha.

Sasa nirudi kwenye lile jambo. Harufu inayotokana na unyevu au uchafu wa nywele aghalabu hukienea kichwa kizima, haichagui upande. Ya binti yako imechagua kushoto, na foronya ina doa upande uleule. Ninashuku sikio. Mtoto anaweza kutokwa na usaha sikioni kwa majuma mengi bila kulia wala kupata homa, kwa sababu ngoma ya sikio ikishatoboka maumivu hupungua. Usaha hutiririka kidogo kidogo usiku, huingia katika nywele za nyuma ya sikio, hukaukia humo, na mama hubaki akiosha nywele huku chanzo kikiendelea kutoa. Mkalishe mahali penye mwanga, livute sikio taratibu kwa nyuma, na utazame kama tundu lake lina majimaji au ukoko wa manjano. Unuse pia tundu za pua, moja moja, kwa kuwa watoto wa umri huo hujitia shanga, maharage na vipande vya sponji puani, na kitu kikikaa humo hutoa uvundo mkali pamoja na kamasi chafu upande mmoja tu.

Ukiona usaha, mpeleke zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu, na lisipotibiwa linaweza kumpunguzia mtoto uwezo wa kusikia, katika umri ambao ndio kwanza anajifunza kusoma. Mhudumu atakuonyesha namna ya kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi, mara 3 kwa siku, kabla ya kutia matone ya dawa atakayoandikiwa, ambayo kwa kawaida hutumika kwa wiki 2. Usitie mafuta ya nazi, maji ya vitunguu wala maziwa ya mama ndani ya sikio, na maji ya kuogea yasiingie humo mpaka lipone. Endapo utakuta nyuma ya sikio pamevimba na panauma ukipagusa, usingoje zahanati ifunguliwe asubuhi; nenda hospitali.

Huenda sikio likawa zima na kavu. Hapo nitarejea kwenye mvua na kwenye mabutu yanayokaa wiki tatu. Nywele nyingi zikisukwa kabla hazijakauka, hasa katika miezi ya Machi hadi Mei ambapo jua la Mwanza hutoka kwa kubahatisha, unyevu hubaki chini kabisa kwenye ngozi, na humo bakteria na kuvu hula jasho na mafuta na kutoa ule uvundo. Mafuta ya nazi uliyoongeza hayaui vijidudu hivyo. Kuna aina ya kuvu wa ngozini wanaosababisha mba ambao hustawi kwa mafuta, na mafuta yenyewe yakikaa muda mrefu huchacha na kuongeza harufu yake juu ya ile ya kwanza. Marashi nayo huifunika harufu kwa saa chache tu, na kwa ngozi laini ya mtoto yanaweza kuleta muwasho.

Kwa hiyo fumua kila wiki au kila baada ya siku kumi. Osha ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, bila kutumia kucha, kwa shampuu ya watoto au sabuni isiyo kali, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha ukaushe kwa taulo na umwache mtoto acheze nywele zikiwa wazi. Kabla ya kusuka, pitisha kidole kwenye ngozi ya kisogoni, kwa kuwa ndiyo hukauka mwisho. Kidole kikihisi ubaridi, subiri. Mafuta yawe kidogo, yapakwe kwenye nywele na si kwenye ngozi. Foronya, kofia na kitana vifuliwe pamoja na kichwa, la sivyo utakuwa unairudisha harufu uliyoiondoa.

Kuhusu shombo, jirani yako hakukosea kwamba ipo, ila amekosea kukuaibisha. Samaki akifa, bakteria hugeuza kemikali moja iliyo mwilini mwake kuwa gesi yenye ile harufu tunayoijua sote wakazi wa ziwani, na gesi hiyo hushika vizuri kwenye nywele na kwenye kanga. Asidi huidhibiti isiruke hewani, ndiyo sababu wapishi humkamulia samaki ndimu. Ukirudi kutoka Mwaloni, badili kanga na uoshe mikono kwa ndimu na sabuni kabla ya kumpakata mtoto. Kwa nywele zake changanya kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji, zisuuze ukimkinga macho, kisha umalizie kwa maji matupu, mradi kichwa hakina kidonda. Kichwani napendelea siki kuliko ndimu, kwa sababu maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaiwakia, huweza kuiunguza.

Lipo jambo la mwisho, ambalo ni nadra. Mtoto anayenuka shombo mwilini mwote, pamoja na pumzi na mkojo, ilhali hakugusa samaki, anaweza kuwa na hitilafu ya kuzaliwa katika kuichakata gesi hiyohiyo ya shombo, na msichana anayetoa kikwapa cha mtu mzima kabla ya miaka 8 naye anahitaji kuonwa na daktari. Kwa maelezo yako sioni dalili hizo. Mwalimu wa chekechea mweleze kwa faragha kwamba mtoto yumo katika matibabu, na umwombe awabadilishie watoto nafasi za kukaa bila kulitaja jina la binti yako.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na hunyolewa kwa kinyozi. Kichwani ametokwa na mabaka yenye magamba kama majivu, nywele zikikatikia hapo, na baka moja sasa limevimba, ni laini, linatoa usaha na kunuka. Watu wanasema ni maji ya ziwa, nipake mafuta ya taa. Je, ni sawa?

Baba wa Igombe

JIBU: Marahaba. Mafuta ya taa usiyapake, baba. Huunguza ngozi, na mtoto aliyepakwa akisogea jikoni anaweza kushika moto. Unayoyaeleza yanafanana na mapunye, ambayo huambukizwa kwa mashine ya kunyolea, kitana na kofia. Maji ya ziwa hayaleti mapunye, ingawa huleta kichocho, kwa hiyo mtoto asiogelee wala kuoshwa ziwani; maji ya kumwogesha yachoteni na kuyahifadhi kwa siku mbili kwanza. Kuvu wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Atahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, na afadhali ameze pamoja na maziwa au karanga, kwa kuwa mafuta huisaidia kufyonzwa. Asiache magamba yakianza kutoweka. Hilo baka lililovimba msilikamue wala kulinyoa, na mpelekeni hospitali wiki hii, kwa sababu likicheleweshwa huacha kovu lisiloota nywele tena. Mchukue na nduguye anayelala naye kitanda kimoja, naye akaguliwe kichwa, na umjulishe kinyozi ili aisafishe mashine yake kwa dawa kabla ya kumnyoa mtoto mwingine.